Jinsi Bogotá Inavyogeuza Barabara Kuu Kuwa Njia za Baiskeli

Ciclovía ni mpango wa jiji la Bogotá, Kolombia, unaofunga barabara kuu kwa magari kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, ili zitumiwe na waendesha baiskeli, wakimbiaji na watembea kwa miguu. Ulianza kwa msafara wa wapenzi wa baiskeli tarehe 15 Desemba 1974, na serikali ya jiji ikaurasimisha mwaka 1976. Ulipanuka zaidi katikati ya miaka ya 1990, Guillermo Peñalosa alipoongoza IDRD, taasisi ya jiji ya michezo na burudani. Leo mtandao wake una takriban kilomita 120.

Msingi wa mpango ni umbo la barabara zenyewe. Nyingi zina pande mbili zilizotenganishwa na tuta la katikati. Upande mmoja hufungwa, mwingine huendelea kupitisha magari, hivyo jiji halisimami na hakuna lami mpya inayomwagwa.

Kazi ngumu iko kwenye makutano. Magari lazima yakatize, kwa hiyo kila njia panda yenye shughuli huwekewa mtu mwenye kibao cha kusimamisha. Taa ikiwaruhusu madereva, mtu huyo huwazuia waendesha baiskeli. Ikibadilika, huwaachia wapite. Wasimamizi wa IDRD hupita kwa baiskeli, kila mmoja akiwa na kipande chake cha barabara, wakitoa huduma ya kwanza na kurekebisha vizuizi vilivyosogezwa. Wanafunzi wa sekondari wanaotimiza saa zao za huduma kwa jamii huwasaidia. Kando ya njia, mafundi huziba pancha na kujaza upepo, na wauzaji huuza matunda na vinywaji.

Gharama ni ndogo kwa sababu mahitaji makuu ni koni, vibao na watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria gharama ya mwaka kuwa dola 6 hivi za Marekani kwa kila mtumiaji, na kwamba kila dola iliyotumika iliokoa zaidi ya dola 3 za matibabu.

Udhaifu wa mfumo huu ni kwamba saa 8 ikifika, njia hutoweka. Anayekwenda kazini Jumatatu anahitaji njia ya kudumu. Pengo hilo lilianza kuzibwa kwa kasi mwishoni mwa miaka ya 1990, chini ya Meya Enrique Peñalosa, kaka yake Guillermo, kwa kujenga njia za baiskeli zilizotengwa na magari. Sasa zimepita kilomita 500.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, jiji lilitumia mbinu za Jumapili siku za kazi: koni zilipangwa barabarani kuongeza njia za muda, na baadhi zikafanywa za kudumu. Hilo liliwezekana haraka kwa kuwa watu waliokwishazoea kazi hiyo walikuwapo, na vifaa vyake vilikuwa tayari.