Kipimo cha Ushiriki katika Makundi ya WhatsApp ya Wanafunzi wa Chuo Kikuu: Uhakiki kutoka Nyegezi

Tafiti nyingi kuhusu mitandao ya kijamii katika elimu ya juu hujengwa juu ya dhana inayochukuliwa kuwa haina utata: kwamba mwanafunzi anayeandika katika kundi anashiriki, na asiyeandika hashiriki. Mvuto wake unaeleweka, kwa kuwa jumbe huhesabika. Makala hii inaihakiki dhana hiyo kwa kuitazama katika mazingira ya Nyegezi, Mwanza, ambako Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1998 kutokana na taasisi ya mafunzo iliyokuwapo hapo tangu 1960. Hoja inayotetewa ni kwamba hesabu ya jumbe hupima sauti za wachache, na huiacha nje kazi kubwa zaidi ya makundi hayo: kuwawezesha wanafunzi kuifikiri kwa Kiswahili mada waliyofundishwa kwa Kiingereza.

Msingi wa kinadharia unaotumika mara nyingi ni ule wa Fredricks, Blumenfeld na Paris (2004), walioubainisha ushiriki kuwa wa kitabia, kihisia na kiutambuzi. Wataalamu hao walijikita katika ushiriki wa wanafunzi shuleni, na nadharia yao ilipohamishiwa chuo kikuu, kisha kwenye simu ya mkononi, aina mbili za mwisho zilififia. Ikabaki tabia, na tabia nayo ikapunguzwa kuwa idadi ya jumbe. Kwa kipimo hicho, kikaragosi cha kushukuru na aya inayofafanua tofauti kati ya nadharia mbili huwa na uzito mmoja.

Udhaifu wa kipimo huonekana wazi zaidi katika kundi la matangazo. Tangu mwaka 2018 WhatsApp imeruhusu viongozi wa kundi kuwazuia wanachama wengine wasiandike, na wawakilishi wa madarasa wanaweza kuutumia utaratibu huo ili tangazo la kuhama kwa kipindi au tarehe ya jaribio lisifunikwe na soga. Kila mwanafunzi husoma. Aliyepanga Malimbe, aliyepanga Sweya na anayetoka Nyegezi Kona wote hupanga siku yao kwa ujumbe huo mmoja. Hata hivyo, mhesabu jumbe atakuta darasa zima halishiriki, isipokuwa mtu mmoja.

Lave na Wenger (1991) wanatoa njia bora zaidi. Katika mifano yao, ukiwamo wa mafundi cherehani wa Liberia, mwanagenzi huanzia pembezoni mwa kazi, akitazama na kutenda machache, na pembezoni hapo ni mahali halali pa kujifunzia. Wasukuma hawakuhitaji kusubiri nadharia hiyo. Katika shikome, mahali pa kuota moto jioni penye mazungumzo ya wazee, kijana alijifunza kwanza kwa kusikiliza. Aliyekimbilia kusema hakuhesabiwa kuwa mwerevu kuliko wenzake. Mlinganisho huo, hata hivyo, usivutwe mbali. Shikome ilikuwa ya wanaume, na ukimya wa msichana ambaye hakuwapo kabisa si sawa na ukimya wa kijana aliyeketi akisikiliza. Katika kundi la darasa pia kuna ukimya wa namna zaidi ya moja, na mhakiki anayeutetea wote kwa jumla anakosea kama yule anayeulaumu wote.

Upo, kwa mfano, ukimya wa bando. Mwanafunzi anayewasha data mara moja kwa siku hukutana na jumbe mia na zaidi, swali limekwisha kujibiwa na mjadala umehamia kwenye bumu. Angekuwa na la kusema, lakini wakati wake umepita. Faili la notsi linalotumwa bila kufikiria ukubwa wake linaweza kummalizia kiasi alichonunua. Huyu hajifunzi pembezoni. Amesukumwa nje, na kumwita msikilizaji ni kuupamba upungufu.

Upo pia ukimya wa lugha, nao ndio wenye uzito zaidi katika hoja hii. Isipokuwa katika kozi za Kiswahili na chache nyingine, mihadhara na mitihani ya vyuo vikuu vya Tanzania huendeshwa kwa Kiingereza. Kundi la wanafunzi wenyewe huzungumza Kiswahili: istilahi huchukuliwa kutoka kwenye notsi, maelezo hujengwa kwa Kiswahili, mara nyingi kwa ujumbe wa sauti. Mhadhiri akiongezwa kwenye kundi kwa nia njema ya kukuza ushiriki, mambo hubadilika. Maswali yanahitaji sasa Kiingereza kilichonyooka, na aliyekuwa akiuliza bila haya huanza kupima sentensi yake mara tatu kabla ya kuifuta. Zinabaki salamu na shukrani. Jumbe zinaweza hata kuongezeka, na takwimu zikapanda, ilhali fikra imehamia katika kundi jingine dogo lisilo na mhadhiri.

Hapa ndipo pendekezo la kuwaingiza wahadhiri katika kila kundi linapostahili kupingwa. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 hadi Juni mosi kwa sababu ya UVIKO-19, kubaki na njia yoyote ya kuwasiliana kulikuwa na thamani yake, lakini hitaji la dharura si ushahidi kwamba uangalizi wa mhadhiri hukuza ujifunzaji. Mhadhiri anaweza kuwa na kundi lake la matangazo na majibu. Lile la wanafunzi aliache.

Utafiti unaotaka kuupima ushiriki Nyegezi unapaswa kulifuata swali hadi nje ya simu. Swali lililoulizwa usiku kwa ujumbe wa sauti huibuka tena kesho yake katika diskasheni, likiwa mdomoni mwa mtu ambaye hakuandika neno lolote kundini. Kisha huonekana, au halionekani, katika karatasi ya mtihani, kwa Kiingereza. Kufuatilia safari hiyo kwa ridhaa ya wanafunzi ni kazi ya muda mrefu, na haitoi jedwali la haraka. Itahitaji mtafiti anayekaa na wanafunzi muhula mzima, anayesikiliza diskasheni zao na kusoma madaftari yao pamoja na skrini zao.