Uzee katika "Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini"

Je, maisha huzidi utamu au uchungu kadiri umri unavyoongezeka? Jina la kitabu hiki cha Shaaban Robert latuahidi jawabu. Lakini mwandishi alizaliwa 1909, akafariki 1962, umri wake miaka 53. Basi alisimama mlangoni pa uzee, ndani hakuingia. Tena ushahidi wake ni wa mtu wa kalamu, aliyetoka katika utumishi wa serikali akabaki na kazi ya fikra, isiyodai nguvu za magoti.

Tukisome kitabu hiki Lulindi, baina ya Masasi na Newala, twaona uzee una mizani nyingine. Kabla ya mabomba ya miaka ya 1950, wanawake wa uwanda wa juu wa Makonde walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Bibi mwenye mjukuu wa kumtekea alikaa barazani kwa heshima. Asiye na mtu, kila mwaka ulimzidishia urefu wa njia.

Mzigo huo haumo katika kitabu. Hata hivyo, ufunguo wake umo: tenzi za Hati na Adili, alizowatungia wanawe. Mzee awafunzaye watoto wema aweka akiba ya siku zake za udhaifu. Umri wenyewe hauna utamu wala uchungu. Ladha yake hutoka mikononi mwa vijana.