Pumzi ya Mchomeleaji

Mafundi wengi wa kuchomelea, mijini na hata vijijini, hunywa maziwa baada ya kazi ili kuondoa moshi. Maziwa huenda tumboni. Moshi umeshatua mapafuni. Iko kazi nyingine ya mikono, isiyo na cheche, inayoufuata moshi huko huko uliko: kupima pumzi ya fundi. Nami naiheshimu mno.

Kwanza mpimaji humtoa fundi karakanani. Fundi ananawa, anabadili nguo na kusukutua, kwa sababu vumbi kidogo la chuma kwenye mkono wa shati linatosha kuharibu sampuli. Kisha anabanwa pua na kupumua kawaida tu, kwa dakika 10 au zaidi, ndani ya mrija uliopozwa. Mvuke unageuka matone, na kinachopatikana ni mililita 1 au 2. Karibu yote ni maji. Ndani yake mna chembechembe za majimaji yanayolowanisha mapafu, na humo ndimo hutafutwa metali za moshi huo: manganisi, kromiamu na nikeli. Vichupa huoshwa kwa asidi kabla, visije vikaongeza metali vyenyewe. Mpimaji hukaa karibu akimkumbusha fundi ameze mate, maana yakidondokea mrijani sampuli imeharibika. Hapo hakuna cha kuharakisha.

Kipimo kingine kinadai utulivu zaidi: kutoa pumzi kwa kasi ya mililita 50 kwa sekunde, isipande wala kushuka, ili ipimwe gesi ya naitriki oksidi, ambayo huongezeka njia za hewa zikivimba. Mchicha wa mchana unaweza kuongeza gesi hiyo, kwa hiyo mpimaji mzuri huuliza hata mboga. Ujuzi wa kipimo hiki upo nchini Tanzania: watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen waliutumia kwa wafanyakazi wa viwanda vya kahawa, matokeo yakachapishwa 2011. Wachomeleaji wanaustahili pia. Tangu 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamekubaliana kwamba moshi wa kuchomelea husababisha saratani.

Nawe fundi, ukichomelea bomba lenye zinki na usiku ukatetemeka kwa homa inayofanana na malaria, ukifika zahanati usitaje homa peke yake. Taja na chuma ulichokuwa unachomelea, maana huenda moshi wake ndio chanzo.