Neno la Kwanza la Caesar

Sisi tulioipenda Planet of the Apes ya mwaka 1968 tulikuwa na haki ya kununa hadithi ilipoanzwa upya mwaka 2011. Ile ya Tim Burton ya mwaka 2001 ilikwisha kutuvunja moyo. Walakini Rupert Wyatt alijua pa kugusa. Katika filamu kongwe, masokwe hupigwa na bumbuazi binadamu anapotamka. Katika hii, mlinzi ainua rungu la umeme, Caesar amdaka mkono, na kinywa kilichonyamaza zaidi ya saa nzima chapasuka: “No!”

Nimejaribu mara nyingi kulifasiri neno hilo. “Hapana” ni refu, tena asili yake ni kukosekana kwa kitu mahali. “La” lina adabu ya barazani. Nimeishia “Sitaki!”, kwa kuwa ndani yake mna “mimi”, na huyo “mimi” ndiye anayezaliwa pale kizimbani.

Filamu za mwaka 2014 na 2017 zilimwongezea Caesar maneno, hata akawa mzungumzaji. Andy Serkis ayatamka vyema, ila ile nguvu ya kinywa kilichogoma naiona imepungua.