Tabaka na Usawiri wa Mhusika katika Ufunguzi wa Filamu ya Psycho

Imekuwa desturi kuihesabu Psycho, filamu iliyoongozwa na Alfred Hitchcock na kutolewa mwaka 1960, kuwa ni kisa cha wazimu wa mtu mmoja. Kwa mtazamo huo, sehemu ya kwanza, inayohusu wizi wa fedha, ni chambo tu cha kumpotosha mtazamaji kabla ya kitisho chenyewe kuingia. Rai hiyo ina ukweli kuhusu msuko, lakini inapuuza jinsi ufunguzi unavyowasawiri wahusika kwa mujibu wa nafasi zao katika jamii ya Marekani.

Kamera inaanza juu ya mji wa Phoenix. Maandishi yanataja siku, tarehe na saa: Ijumaa, 11 Desemba, saa nane na dakika 43 mchana. Kisha inateremka na kupenya dirisha la hoteli, ambamo Marion Crane na Sam Loomis wamekutana kwa siri wakati wa mapumziko ya kazi. Usahihi huo wa saa si pambo. Marion ni karani, na saa zake ni mali ya mwajiri. Tena kinachozuia ndoa yao si ukoo wala wazazi, bali ni deni. Sam analipa madeni aliyoachiwa na marehemu babake, anamlipa matunzo mke waliyetalikiana, na makao yake ni chumba kilicho nyuma ya duka. Wahusika hawa wanajulishwa kwa hesabu zao kabla ya kujulishwa kwa silika zao.

Onyesho la ofisini linaukamilisha usawiri huo. Makarani wawili wanafanya kazi katika joto, ilhali kipoza hewa kimo katika chumba cha bwana wao, Lowery. Anaingia Cassidy, tajiri wa mafuta, na dola 40,000 taslimu za kumnunulia bintiye nyumba ya arusi. Anajigamba kwamba habebi kiasi asichoweza kukipoteza, tena anadokeza kwamba fedha hizo hazikutangazwa kwa watoza kodi. Basi mwizi wa kwanza katika filamu hii si Marion. Tofauti ni kwamba wizi wa Cassidy huchekewa ofisini, na wa karani humfukuza barabarani.

Hapa ndipo ukinzani wa filamu unapojitokeza. Hotelini Marion amevaa nguo za ndani nyeupe; anapofungasha mizigo na bahasha ya fedha ipo kitandani, amevaa nyeusi. Mazungumzo yamekwisha kumweleza kwa hali yake ya maisha, lakini rangi ya mavazi inamhukumu kwa dhambi. Mwongozaji anaonyesha chanzo cha kosa katika jamii, kisha anaipachika lawama katika nafsi ya mkosaji.

Ukinzani huo hautatuliwi. Hata hoteli ya Norman Bates imekosa wageni kwa sababu barabara kuu ilihamishwa, lakini jambo hilo linatajwa na kuachwa. Fedha, zikiwa zimefungwa ndani ya gazeti, zinatupwa garini na Norman asiyejua kilichomo, na gari linazamishwa bwawani. Mwishoni daktari anafafanua kwa kirefu akili ya muuaji, na hakuna anayefafanua ile saa ya mapumziko.

Hiyo ndiyo dosari kubwa ya kazi hii, na ni dosari yenye mafunzo. Swali la tabaka halikujibiwa, lilizamishwa. Hata hivyo, picha ya mwisho kabisa ni ya gari hilo likivutwa kwa mnyororo kutoka matopeni. Mhakiki anayeuita ufunguzi chambo hana budi kueleza kwa nini filamu yenyewe haikuweza kumalizika bila kulirudia.