Duka la Santuri Mjini Belfast

Senema iitwayo Good Vibrations, ya mwaka 2013, yatupeleka Belfast ya miaka ya 1970, Wakatoliki na Waprotestanti walipokuwa wakiuana. Terri Hooley afungua duka la santuri katika mtaa uliozoea mabomu, kisha atoa sahani za vijana wasiojulikana. Mwaka 1978 atoa wimbo wa The Undertones, naye John Peel wa B.B.C. aupiga mara mbili mfululizo.

Watazame, msomaji, vijana wa pande zote mbili wakicheza katika ukumbi mmoja: hapo senema hii ina nguvu kweli. Lakini Hooley hakujua hesabu, na watungaji wamelifanya jambo hilo kichekesho tu. Mkewe, aliyevumilia madeni na upweke, alistahili kupewa maneno mengi zaidi.