Jina Kabla ya Salamu

Mgeni hupiga hodi, akaulizwa ni nani, akajitaja, ndipo akakaribishwa. Simu ya mezani haina mlango. Inalia, na karani wa mapokezi ananyoosha mkono bila kujua kama aanze na shikamoo au habari za asubuhi. Ndiyo maana namheshimu sana fundi anayefanya jina litokee kwenye kioo kabla mkono haujafika.

Kwa kawaida mtandao huiletea ofisi namba. Jina lazima litafutwe humo humo ndani. Mtambo wa simu, tuseme Asterisk aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999, huishikilia simu kidogo, ukaiuliza orodha ya wateja hii ni ya nani, ukabandika jina, kisha ukaiachia ilie mezani. Ukisimuliwa hivyo utadhani ni kazi ya dakika kumi. Kazi yenyewe imo kwenye namba.

Fungua orodha ya ofisi yoyote ya Dar es Salaam. Huyu kaandika 0712, yule +255 712, wa tatu 255712 bila alama, wa nne katia vistari, na yupo aliyebana namba mbili kwenye kisanduku kimoja kwa mkwaju. Kwetu sisi ni mtu mmoja. Kwa mtambo ni watu watano wasiojuana. Fundi mwenye haraka hulinganisha tarakimu tisa za mwisho, basi, na mambo huenda vizuri mpaka mteja wa Nairobi apige. Kenya nayo ina namba za 0712, ndefu sawa na zetu. Kinachomtenga Mkenya na Mtanzania ni 254 na 255, na hizo ndizo zilizotupwa. Nimewahi kumsikia karani akimwamkia mtu kwa jina la mwingine, kwa uchangamfu wote. Bora kioo kingebaki na namba tupu.

Fundi ninayemsifu huisafisha orodha yote. Kila namba huanza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, kama kanuni ya kimataifa ya E.164 inavyotaka, tarakimu zisizidi 15, na kila namba inayoingia huvikwa vazi hilo hilo kabla ya kulinganishwa. Za mezani zinazoanza na 022 nazo hazisahau. Mtambo anaupa sekunde moja ya kutafuta. Orodha ikichelewa, simu ilie bila jina, maana anayepiga akisikia kimya hukata.

Kisha huvuta kiti karibu na karani na kumuuliza, "Huyu mnamwitaje?" Mkataba una majina matatu marefu, na kioo ni kidogo, kitayakata. Ofisi nzima inamwita Mama Neema. Hapo sijaona mwongozo wa mtambo wowote unaosaidia. Ni lazima uulize, jina kwa jina, hata kama orodha ina mamia.

Jioni moja, kazi ilipokwisha, fundi huyo alitoka akasimama chini ya mwembe, akapiga kwa simu yake mwenyewe. Ndani, karani alikitazama kioo, akacheka kwa furaha, ndipo akanyanyua mkono wa simu: "Karibu, fundi."